Je, Mtumishi wa Serikali Awe ni Mtu Wetu?

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Swali lililoletwa katika darsa yetu, nalo larudiwa barazani na misikitini kila watumishi wapya wa serikali wanapoletwa, ni hili: Je, yatupasa sisi Waislamu wa mwambao kudai kwamba afisa anayewekwa kuutumikia mji wetu awe ni mtu wetu? Yaani, je, nyumba aliyozaliwa mtumishi, dini yake na lugha yake, vina athari yoyote katika namna atakavyowatumikia watu? Au karani ni karani tu, na sheria ni ile ile, awe ametoka Lamu au ametoka Nyeri?

Wako wasemao kwamba jambo hili halina maana yoyote, na kwamba anayelitaja ataka kuleta ubaguzi. Na wako wasemao kwamba ndilo jambo lote: tupeni mtu wetu, na taabu zetu zitakwisha siku hiyo hiyo. Sisi twaona kwamba kila kundi limeshika ncha moja ya kamba na kuiacha ya pili.

Na tuchukue mfano wa mwanamke aliyefiwa na mumewe. Mume alikuwa mfanyakazi, naye ameacha akiba yake na malipo yake ya uzeeni. Mjane yumo edani, na eda yake, kama tujuavyo, ni miezi minne na siku kumi, ila akiwa na mimba, kwani hapo hukoma kwa kuzaa. Afisi yamwandikia barua aje yeye mwenyewe, siku kadha, saa kadha. Asipokwenda, karani asiyejua eda ni nini atamdhania kuwa ni mkaidi, au kwamba ana jambo alifichalo. Atalifunga jalada lake na kuliweka chini ya mengine. Ama karani aliyezaliwa katika nyumba iliyokaliwa eda, huyo hahitaji kuelezwa. Atangoja, au atamtuma mtu na karatasi zikatiwe saini nyumbani. (Sheria yetu, wala tusisahau, imemruhusu mjane kutoka mchana kwa haja isiyokuwa na budi, lakini ni wangapi wanaolijua hilo, na katika hao wanaolijua ni wangapi walio tayari kulisema mbele ya majirani?) Hapa hapana dhulma iliyokusudiwa. Yule karani wa kwanza si adui wa Uislamu. Hakuiona haja ya yule mama, kwa kuwa hakupata kufunzwa kuiona.

Na mfano mwingine ni wa majina. Mke wa Kiislamu haachi nasaba ya babake akachukua ya mumewe. Ndugu watatu wa baba mmoja hupishana kwa jina la kwanza tu, na watoto wa ami zao huenda wakawa na majina yayo hayo matatu, kwa kuwa wote wameitwa kwa babu. Mtu wa mwambao haoni ajabu yoyote katika hayo. Mgeni hushuku: mbona mke hana jina la mume? Mbona Muhammad Ali Muhammad wako wanne katika mtaa mmoja? Basi mtoto aliyezalishwa nyumbani na mkunga, tena mamake hana jina la babake, akitakiwa cheti cha kuzaliwa, safari zitakuwa nyingi. Na asiyekuwa na cheti hupata taabu ya kitambulisho, na asiyekuwa na kitambulisho katika Kenya hii hana kazi, hana benki, hana kura. Wengi katika Waislamu wa nchi hii, Wasomali na Wanubi khasa, na Waswahili na Waarabu wa mwambao pia, waliwekwa miaka mingi katika uchunguzi wa ziada kabla ya kupewa haki hii. Mwezi wa Februari mwaka 2025 Rais alitoa tamko, naye yuko Wajir, la kuuondoa uchunguzi huo kwa watu wa kaunti za mpakani.

Wataalamu wa mambo ya utawala wamelizungumza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1944 mwanachuoni mmoja, J. Donald Kingsley, alitoa kitabu juu ya watumishi wa serikali ya Uingereza, akaonyesha kwamba wakubwa wao walitoka katika tabaka za watu wenye nafasi, na kwamba fikira za nyumba hizo walikwenda nazo mpaka afisini. Angalia kwamba hao wote walikuwa Waingereza, na maskini waliowatumikia walikuwa Waingereza vile vile. Kilichowatenga si kabila wala rangi. Ni mali na malezi. Kisha mwaka 1968 Frederick Mosher, naye ni Mmarekani, akatenga mambo mawili: kuwako kwa watu wa kila namna ndani ya afisi ni jambo moja, na watu hao kuzitetea haja za wale waliotoka kwao ni jambo jingine, wala la kwanza halileti la pili kwa lazima. Hawa si watu wa dini yetu, lakini neno la kweli hupokewa kwa yeyote alisemaye.

Turudi sasa katika Kitabu chetu. Mwenyezi Mungu atuambia katika Surat Ibrahim, aya ya 4, kwamba hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili apate kuwabainishia. Na katika Surat Al-Aaraf, Hud atajwa kuwa ni ndugu wa watu wa Aad, na Saleh ndugu wa Thamud, na Shuaibu ndugu wa watu wa Madyan. Hapana shaka kuwa mna hekima kubwa katika hayo. Mtu humsikiza amjuaye, na mjumbe huwafahamu aliokulia kati yao. Basi anayesema kwamba asili ya mtu haina athari yoyote na azisome tena aya hizi.

Lakini asome na Surat Yusuf. Nabii Yusuf, juu yake amani, alikuwa mgeni katika Misri. Alitoka Kanaani, aliuzwa, akatiwa gerezani, na dini ya watu wale haikuwa dini yake. Alipoomba awekwe juu ya hazina za nchi, katika aya ya 55, hakujitolea hoja ya nasaba. Alitaja sifa mbili tu: kwamba ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye ujuzi. Na kwa mkono wa mgeni huyo watu wa Misri waliokolewa na njaa ya miaka saba. Lau Wamisri wangalisema hatutaki ila mtu wetu, wangalikufa, nao wana mtu wao.

Ndipo tutazame namna Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyowaweka watu kazini, kwani humo mna jawabu lililo wazi zaidi kuliko fikira zetu. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, baada ya kufunguliwa Makka, alimwacha juu ya mji huo Attab bin Asid, kijana wa Kikureshi, mtu wa Makka hiyo hiyo. Watu wa Taif waliposilimu aliwawekea Uthman bin Abil-As, naye ni mtu wa Thaqif, tena mdogo wa umri katika wale waliokuja. Lakini alikuwa ndiye mwenye pupa zaidi ya kujifunza dini. Na Uthman huyu alipoomba kuwa imamu wa watu wake, aliambiwa ajipime kwa yule aliye dhaifu zaidi miongoni mwao. Tazama sharti lilivyo! Hakuambiwa ajipime kwa jamaa zake, wala kwa wakubwa wa Thaqif waliomtuma. Aliambiwa dhaifu.

Kisha Mtume akapeleka watu wawili Yemen, kila mmoja katika upande wake: Abu Musa al-Ashari na Muadh bin Jabal. Abu Musa alikuwa Myemeni, akenda kwao. Muadh alikuwa mtu wa Madina, akenda ugenini. Wote wawili walipewa wasia mmoja: wafanye mambo yawe mepesi wala wasiyafanye mazito, wawape watu bishara wala wasiwakimbize, na wapatane wao kwa wao. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na sisi twaona kwamba ndiyo inayolikata swali letu. Mwenyeji na mgeni waliwekwa pamoja katika nchi moja, na wakaamrishwa wapatane. Mwenyeji ajua njia za nchi. Mgeni hana ami wala shemeji wa kumpendelea. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenziwe hana.

Na asiyezaliwa na lugha ya watu aweza kujifunza. Zaid bin Thabit aliamrishwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi, na imepokewa kwamba hakumaliza muda mrefu akawa amejua kuyasoma na kuyaandika. Basi afisa aliyekaa Malindi miaka sita, na asijue Idi huandama vipi, wala kwa nini watu wake hawako afisini saa saba ya Ijumaa, huyo asiseme kwamba yeye ni mtu wa bara. Aseme hakutaka kujua.

Na sisi watu wa mwambao hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwani jambo hili tumelionja. Kwa mapatano ya mwaka 1895 baina ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar, ukanda wa maili kumi wa pwani hii ulitawaliwa na Waingereza kwa jina la Sultani, na maliwali, mamudiri na makadhi wakabaki. Hawa walikuwa Waislamu. Walijua eda ni nini, walijua mirathi, walijua Ijumaa. Mzee aliyekwenda kwa liwali alisikizwa kwa lugha yake, wala hakuhitaji mkalimani. Hii ilikuwa neema, wala hatuikanushi.

Lakini je, neema hiyo ilimfikia kila Mwislamu? Maliwali walitoka katika nyumba za Kiarabu zilizojulikana. Serikali ya kikoloni iliwagawanya Waislamu hao hao, Mwarabu akawa na daraja yake na Mswahili yake, na Mdigo chini yao. Na kuwako kwa liwali Mwislamu hakukuuondoa mgawanyo huo. Ilipokuja sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, waliojua kuandika madai na kufuata makaratasi walipata hati. Wengi katika wakulima waliokuwa wakiilima ardhi hiyo kwa mila zao, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, hawakudai, na wajukuu wao wangali wakiitwa maskwota mpaka leo. Maliwali walikuwako. Dini ilikuwa moja na lugha ilikuwa moja. Lakini nyumba ya liwali na kibanda cha mkulima havikuwa kitu kimoja. Hapa ndipo neno la yule Kingsley linapotugusa na sisi.

Uhuru ulipokaribia, jambo hili liliandikwa waziwazi. Katika barua za tarehe 5 Oktoba 1963, baina ya Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, iliahidiwa kwamba mahakama za makadhi zitahifadhiwa, na kwamba maafisa wa utawala katika sehemu zilizo na Waislamu wengi watakuwa Waislamu, kadiri itakavyowezekana. Maliwali na mamudiri waliondoka baada ya uhuru. Makadhi walibaki, kwanza kwa sheria ya mwaka 1967, kisha kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170. Ama ile ahadi ya maafisa, maneno yale mawili, kadiri itakavyowezekana, yaliumeza uzito wake.

Wako ndugu zetu ambao kila mwaka waitaja ahadi ile ya 1963. Ni haki yao, kwani ahadi ni deni. Lakini na tuulize: serikali ikisema haikuwezekana kwa kuwa Waislamu waliosoma hawakutosha, tutajibu nini? Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, Mungu amrehemu, alipiga ukelele tangu miaka ya 1930, katika gazeti lake la al-Islah, kwamba Waislamu wanaachwa nyuma kwa kuyapuuza masomo ya zama zao. Alifariki mwaka 1947. Miaka iliyofuata chuo cha MIOME kilijengwa Mombasa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu, na ni wangapi katika wazee wetu waliosema kwamba mtoto atosheke na duka la babake? Hilo si kosa la serikali yoyote.

Leo sheria za nchi zinatupa haki zaidi ya tuitumiavyo. Katiba, kifungu cha 232, yataka watumishi wa umma waajiriwe kwa ushindani wa haki na ustahiki, na pamoja na hayo jamii zote za Kenya zionekane ndani ya utumishi huo. Sheria ya utangamano ya mwaka 2008 yakataza afisi yoyote ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya watumishi wake kutoka kabila moja. Na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za mwanzo wapewe watu wasiokuwa wa kabila kubwa la kaunti ile.

Hii ya mwisho yawaudhi baadhi yetu. Husema: tumepata kaunti yetu, mbona tugawe? Sisi twasema sheria hii ni ya haki, na inatulinda sisi wenyewe popote tulipo wachache. Luo anayelipa ada ya soko Kongowea, na Mkamba anayelipa leseni ya duka Likoni, nao wana wajane wao na makaburi yao na majina yao. Ikiwa twaona uchungu kwa karani asiyeijua eda, basi na wao waona uchungu kwa karani wetu asiyejua lolote lao. Surat Al-Maida, aya ya 8, yatukataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu.

Tena, huyo "mtu wetu" ni nani? Hapa ndipo wengi wanaposhikwa na kigugumizi. Afisa Mwislamu akitoka Mumias au Wajir, twamwita wetu? Huitwa Mbara, au huitwa Msomali. Akitoka Kwale husemwa ni Mdigo. Akiwa Mbajuni, wa Mvita ataulizwa kwa nini si Mvita. Na akipatikana wa Mvita, huulizwa ni wa mtaa gani na nyumba gani, mpaka mwisho anakuwa wetu yule tu ambaye ni mtoto wa dada yetu. Basi dai lililoanza kwa jina la Uislamu limeishia jikoni mwa mtu mmoja. Sayyidna Umar bin Khattab alipomuuliza Nafi bin Abdul-Harith ni nani aliyemwacha juu ya watu wa Makka, aliambiwa ni Ibn Abza, mtumwa aliyeachwa huru. Umar alistaajabu, na alipoelezwa kwamba mtu huyo ni msomaji wa Kitabu na mjuzi wa hukumu za mirathi, akaridhika. Hiyo ni Makka, nao ni Makureshi wenye kujivunia nasaba, na walitumikiwa na mtu asiyekuwa na nasaba yoyote kwao.

Na liko jambo la kuhuzunisha zaidi. Mtoto wetu anapoingia afisini, ujuzi wake wa hali zetu waweza kuwa silaha juu yetu. Karani mgeni hajui kwamba yule mjane yumo edani. Karani wetu ajua, na ajua kwamba hawezi kutoka wala kulalamika, na ajua ni ndugu yupi wa kumwomba chai. Kikulacho ki nguoni mwako. Tena tukilalamika twaambiwa: msimvunjie heshima, ni mtoto wa Kiislamu. Ajabu! Angekuwa mgeni tungalikwenda kumshitaki. Ibn al-Lutbiyya hakuwa mgeni wala kafiri. Alikuwa Mwislamu, aliyepelekwa na Mtume mwenyewe kukusanya zaka, na aliporudi akasema hii ni yenu na hii nimepewa zawadi. Mtume alipanda juu ya mimbari mbele ya watu wote, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa babake na mamake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Hakumfichia kwa kuwa ni ndugu. Na Surat An-Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha tusimamishe uadilifu, hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi na jamaa zetu.

Basi jawabu letu kwa aliyeuliza ni hili. Kudai kwamba Waislamu wawemo katika afisi zinazowatumikia Waislamu ni haki, kisheria na kiakili, na aliyesoma asione haya kuomba kazi ya ukarani, ya uuguzi, ya polisi wala ya uchifu. Khasa twawahimiza wazazi wa wasichana: mnataka mke wenu azalishwe na mwanamke Mwislamu, na binti yenu mwenye akili mmemtoa shuleni akiwa na miaka kumi na minne, huyo mwanamke atatoka wapi? Lakini kudai kwamba asiyekuwa Mwislamu asiletwe, hilo hatuna dalili yake, ila katika kazi ambayo dini yenyewe ndiyo elimu yake, kama ukadhi, na Katiba imelikubali hilo. Afisa mgeni akija, aendewe na wazee wiki ya kwanza, aelezwe kwa adabu habari za eda, za majina, za Ijumaa na Ramadhani, wala tusingoje akosee ndipo tupige kelele. Na afisa wetu akija, aendewe vile vile, na wazee wale wale, aambiwe kwamba mlango wake utatazamwa zaidi.

Tuliulizwa pia na mwenzetu mmoja aliye afisini: jamaa yake akimletea kazi ya haki, je, aifanye kwanza kabla ya waliotangulia katika foleni? Hapana. Haki ya aliyetangulia ni yake, awe ni nani. Aifanye zamu yake ifikapo. Na akichelea kwamba moyo wake utaelemea, ampe mwenziwe wa meza ya pili aifanye.

Ama tofauti baina ya hadiya na rushwa, na anayepewa kitu baada ya kazi kwisha bila ya kuomba, hayo yana maneno mengi, na tutayaeleza katika somo lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.